Siku ya Pili Haikutupwa

Hebu fikirini, wanangu, ua mdogo wa mawe, na katikati yake mtungi uliofika nusu: una tumbo, hauna shingo. Inasimuliwa kwamba zamani, katika nchi ya Shamu, walikuwako watawa wa kike walioishi kwa kufinyanga mitungi ya maji. Mdogo kuliko wote aliitwa Nuhra.

Nuhra alikuwa mwepesi wa hasira. Mwaka mzima alimwomba Mungu amwondolee, na asubuhi ile akamtukana tena dada mpishi, eti uji umeungua. Aibu ikamjaa. Akafunga nguo zake katika kitambaa, akaenda kumuaga mlezi wake, Mama Shamuni, aliyekuwa uani akifinyanga.

“Mama, niruhusu nirudi nyumbani. Mwaka umekwisha, nami niko vilevile. Mungu hakuniumbia maisha haya.”

“Sawa, binti yangu. Kwanza niongezee shingo ya mtungi huu.”

“Leo? Udongo wa chini bado mbichi, Mama. Utabonyea wote.”

“Basi tuuvunje.”

“Tuuvunje? Una kosa gani? Unangoja ukauke kidogo tu.”

Mama Shamuni akafuta mikono, akamletea Maandiko. “Nisomee habari za uumbaji. Kila Mungu anapoiona kazi yake kuwa njema, inua kidole.”

Siku ya kwanza, kidole kimoja. Siku ya pili Mungu akatenga maji ya juu na maji ya chini. Nuhra akasoma hadi mwisho wa siku hiyo, kidole hakikuinuka. Akarudia.

“Mama, hapa neno hilo halipo.”

“Alisahau?”

“Mungu hasahau, Mama.”

“Wazee wetu walisema kazi ya maji ilikuwa haijaisha. Endelea.”

Siku ya tatu maji yakakusanyika, nchi kavu ikaonekana, na Nuhra akainua vidole viwili, maana siku hiyo neno limetajwa mara mbili.

“Na ile ya pili, aliitupa?”

Nuhra akautazama mtungi. “Hapana, Mama. Aliiacha, kukapambazuka, akaiendeleza.”

“Basi kamwombe dada yako radhi. Na mzigo huo ufungue. Nataka kitambaa nifunikie mtungi.”

“Na uji ukiungua tena?”

“Utaunywa, kama sisi wengine.”

Hasira za Nuhra hazikuisha siku ile, wala kesho yake. Lakini alibaki, na Bwana akaendelea naye taratibu. Nanyi wanangu, siku mtakapojiona nusu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: siku ya pili.