Gari la Kwa Fundi Halioshwi

Gari la kwa fundi halioshwi. Ndivyo mjomba wenu alivyomwambia Saumu alipomkuta anafuta hesabu alizokosea kabla ya kumpelekea mwalimu. Nanyi mkanijia mbio: "Bibi, Saumu ana gari gani?" Haya, kaeni. Kitendawili!

"Tega!"

Nyumba haina mlango wala dirisha, lakini mwenyewe katoroka.

Mmesema yai. Mmesema kaburi, nyie, nani katoroka kaburini? Nipeni mji. Mmenipa Arusha, nimekwenda, nimekula, nimerudi. Jibu ni gesi ya kiyoyozi cha gari, na methali yenu ilitoka humo humo.

Muheza palikuwa na mpishi wa keki za harusi, Bi Mashavu. Keki zake alizipeleka Tanga mjini kwa gari lake mwenyewe, na joto la Tanga mnalijua. Bila kiyoyozi, krimu inageuka uji. Siku moja kiyoyozi kilianza kupuliza hewa ya moto njiani. Keki ikafika imeinama, wanawake wakaangua vicheko: "Bi harusi kasimama, keki imesujudu!"

Akaenda kwa Fundi Shemdoe. "Gesi imeisha, nijazie."

"Hii si gesi ya jikoni, mama. Haiungui, inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ujue kuna mahali inatoroka."

Fundi akatafuta. Akapaka povu la sabuni kwenye viungo, maana penye tundu gesi huvimbisha vipovu. Hakuona kitu. Injini ilikuwa inang'aa kama sahani ya Idi. Akajaza gesi, baridi ikarudi, baada ya muda ikapotea tena. Bi Mashavu akarudi, injini inang'aa vilevile. Fundi akatafuta tena, akakosa. Akabaki anajikuna kichwa. Inapita wapi?

Sasa, ile familia ya keki iliyosujudu ikawa inaoza binti wa pili. Mama wa binti akamwambia, "Mashavu, nakupa tena kwa kuwa tumekua pamoja. Ikilala na hii, usinitazame usoni." Bi Mashavu akaoka keki ya maisha yake. Asubuhi ya harusi akawasha gari: hewa ya moto!

Alifika kwa fundi kajitanda kanga mpaka puani kwa aibu. "Usinicheke, Shemdoe. Bomba halijatoa maji mtaa mzima. Nimekuja na gari chafu."

Fundi akafungua boneti, akainama. Kisha akaingiza mkono nyuma ya kompresa, ile pampu inayoizungusha gesi, upande wa chini, akautoa na kidole cheusi.

"Bi Mashavu, injini hii huwa anaiosha nani?"

"Mimi mwenyewe! Kila nikija kwako. Mtu haendi kwa watu na uchafu wake."

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe ulikuwa unamwogesha shahidi wangu! Gesi ikitoroka hutoka na mafuta kidogo, vumbi linanata papo hapo. Doa hili ndilo nililokuwa nalitafuta."

Akapaka povu kwenye kiungo kile kilichojificha. Wakatazama wote wawili, vichwa vimegusana. Kipovu kimoja kikavimba polepole, kikapasuka. Kikafuata kingine.

"Basi jaza gesi niende! Keki inaningoja!"

"Nikijaza sasa, utafika Pongwe na baridi, Tanga na uji. Chagua."

Bi Mashavu akatazama jua, akatazama kile kipovu. Akakaa juu ya tairi. "Fanya."

Fundi akaivuta gesi iliyobaki kwa mashine, maana haiachiwi ipotee hewani. Akabadilisha kiringi cha mpira kilichochakaa, akanyonya hewa na unyevu wote mabombani, kisha akazima mashine, akaitazama saa ya kupimia presha. Mshale ukitikisika, bado kuna tundu. Bi Mashavu alikuwa hapepesi jicho. Mshale ukatulia tuli. Ndipo fundi akajaza gesi kwa kipimo chake.

Keki ilifika Tanga imesimama wima. Mama wa binti aliizunguka, akaizunguka tena, akamkumbatia Bi Mashavu.

Bi Mashavu aliporudi Muheza, alimkuta jirani yake Mwanahawa anampeleka mumewe hospitali. Mume alikuwa na kikohozi cha siku nyingi, na mkewe anamfunga shali shingoni huku akimwonya: "Nimeshakunywesha asali. Ukifika kwa daktari jikaze, usimkoholee usoni. Utanitia aibu."

Bi Mashavu akasimama katikati ya njia.

"Mwanahawa! Gari la kwa fundi halioshwi."

"Gari gani tena? Tunakwenda kwa miguu."

"Huyo ndiye gari. Mwache akohoe!"

Hospitalini akakohoa bila kujizuia. Daktari akasikiliza kifua, akajua penye ugonjwa, akampa dawa, na yule bwana akapona. Tangu hapo, mtu wa Muheza akikuona unalipangusa kosa lako mbele ya anayeweza kukusaidia, hakugombezi. Anakwambia tu: gari la kwa fundi halioshwi.