Jalada la Mwalimu Chiku

Kitunzwacho mno hukosa pumzi.

Mmeisikia leo kliniki, mkaja nayo mbio mkitaka kujua ni wahenga gani walioisema. Nesi alimfunua mdogo wenu mablanketi matatu na kofia ya sufu, jua la saa sita likiwaka, akamwambia mama yenu maneno hayo, na mama yenu akanuna njia nzima. Haya, kaeni. Wewe Nasra, sogeza hilo beseni la karanga, tumenye huku tukizungumza. Wahenga hawahusiki hapa. Methali hii ilizaliwa juu ya meza yangu ya ufundi, hapahapa Kondoa, miaka kumi na mitano iliyopita, nami nilikuwepo. Sikujipatia sifa siku hiyo, lakini nikijitoa mimi hadithi haisimami.

Mwalimu Chiku mnamsikia tu. Alifundisha nusu ya watu wazima wa mji huu kusoma, mimi nikiwa mmoja wao, darasa la pili. Alikuwa mpole wa maneno na mkali wa mambo madogo. Daftari lisilo na jalada la kaki, na nailoni juu ya kaki, lilirudishwa nyumbani pamoja na mwenyewe. Nyumbani kwake makochi yalivaa vitambaa, vitambaa vikavaa nailoni. Redio yake ilikuwa na kanzu. Nilipokwenda kuitengeneza nilianza kwanza kuivua nguo, na nikimaliza alisimama kuhakikisha nimeivalisha.

Alikuwa na mtoto mmoja, Mwasiti. Alimpata akiwa na miaka arobaini na miwili, baada ya kungoja mpaka watu wakaacha kumuuliza. Sasa mtu aliyevalisha redio kanzu, fikirini alivyomlea huyo mtoto. Mvua ikinyesha Mwasiti haendi shule. Jua likizidi Mwasiti ana mwavuli. Wenzake walikwenda kuteka maji kisimani wakirushiana maneno njiani, yeye alituliwa ndoo mlangoni. Msichana alikua mtulivu, mwenye akili, na macho yaliyozoea kutazama mambo kupitia dirisha. Nawaambia hivi kwa sababu laptopu inakuja baadaye, na bila huyu mtoto laptopu ni chuma tu.

Mwalimu alipostaafu, walimu wenzake walimpa zawadi hiyo laptopu. Ilikuwa ndogo, haizidi kitabu cha mahudhurio. Kwa mwaka mmoja hivi ilikuwa pambo. Kisha Mwasiti akamaliza kidato cha sita, akataka kusomea uuguzi, na chuo kilichokuwa na nafasi kilikuwa Mtwara. Kutoka hapa hadi Mtwara ni kama kuambiwa mtoto anakwenda upande wa pili wa dunia. Mwalimu hakukataa. Alisema tu, "Tutaona," na mnajua mzazi akisema tutaona maana yake ni nini.

Mwasiti alijaza fomu yake na kuandika barua ya maombi humo kwenye laptopu. Vyeti vyake vilikwisha kupigwa skani Dodoma na kutiwa humohumo. Kilichobaki ni kutuma, na mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Ijumaa hiyo asubuhi alibonyeza kitufe na laptopu haikufunguka. Kwenda Dodoma kupiga skani upya na kurudi ni siku nzima. Basi wakaja kwangu, mama mbele, binti nyuma amekumbatia laptopu kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Hemedi. Haiwaki."

Hilo ndilo neno letu. Taa ikiungua, haiwaki. Pikipiki ikiishiwa mafuta, haiwaki. Mtu akikosa usingizi, asubuhi anasema leo siwaki. Fundi mwenye akili akiambiwa haiwaki huanza kuuliza. Mimi niliuliza, msinione mjinga, nikauliza kama nilivyofundishwa.

"Imeanguka?"

"Haijaanguka."

"Imemwagikiwa maji? Chai?"

"Kwangu mimi, Hemedi? Chai?"

"Kuna kitu umeifanya hivi karibuni?"

"Sijaifanya chochote. Nimeitunza tu."

Niliridhika. Ningekuwa na masikio siku hiyo, kazi ingekwisha palepale.

Niliipokea. Ilikuwa imevaa jalada. Nailoni ile ngumu ya kujaladia madaftari ilikuwa imekatwa kwa rula, imepita mgongoni na tumboni, pembe zimekunjwa kwa ndani na kubanwa kwa selotepu, kazi safi ambayo hata mimi darasa la pili sikuwahi kuifikia. Nikachukua wembe nianze kuivua.

"Usiliharibu," Mwalimu akasema. "Nimelimaliza juzi tu. Fanya kazi juu kwa juu."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, nina wake na watoto, nina kibao cha ufundi barabarani. Lakini mwalimu wako wa darasa la pili akikwambia usiliharibu, mkono unarudi wenyewe. Nikarudisha wembe.

Basi nikamtibu mgonjwa juu ya nguo zake. Nilipima chaja kwa mita, chaja nzima. Niliomba ruhusa nikakata kidirisha kidogo mahali pa betri, nikaitoa betri, nikakandamiza kitufe nikihesabu mpaka thelathini, maana mashine hizi wakati mwingine hushikwa na umeme uliolala ndani, ukiumaliza zinaamka. Haikuamka. Niliiwasha kwa chaja bila betri, kisha kwa betri bila chaja. Kila mara ilikuwa vilevile, kitaa cha bluu kinatokea, kitu ndani kinavuma mara moja, kisha kimya. Na kila nilipoinua mkono, Mwalimu alirudishia selotepu kwenye kile kidirisha nilichokikata.

Saa sita ikapita. Nikatoka kwenda kuswali Ijumaa, nikarudi, nikawakuta pale pale. Nikajaribu tena yale yale, halafu nikafanya wanachofanya mafundi waliokwama. Nililaumu bodi, lile bapa la ndani linalobeba mitambo yote.

"Mwalimu, bodi imekufa," nikasema. "Na bodi ikifa, ndiyo basi."

Mwasiti hakulia. Aliweka mikono yake miwili juu ya meza yangu, kati ya nyaya na misumari, akaitazama mikono hiyo kama si yake. Mama yake akajifunga vizuri mtandio.

"Basi," akasema. "Mungu hakupenda."

Akashusha pumzi. Nilimwona. Nimeishi na uso ule tangu nina miaka tisa, naujua ukikasirika na naujua ukifurahi, na sikukosea. Mwalimu Chiku alikuwa amepata nafuu. Sisemi aliiharibu kwa makusudi, wala msiende kusema hivyo nje. Lakini mzigo ulikuwa umemtoka, na ulipomtoka yeye ulikwenda kumkaa binti yake. Niliona vibaya sana.

Mwasiti ndiye aliyesema. "Mjomba, hebu iwashe tena."

"Imekufa, mwanangu."

"Iwashe tu."

Nikabonyeza. Akainama, akaweka sikio juu ya nailoni. Kitaa, mvumo, kimya. Akaniambia nibonyeze tena, na tena, akisikiliza kama daktari.

"Haijafa," akasema. "Inataka kuhema. Inaanza kuvuta pumzi, inakwama, ndiyo inajizima."

Watoto, mimi nilikuwa naijua habari hiyo. Ndani ya laptopu kuna feni ndogo, na mashine ikiamka kitu cha kwanza inaangalia kama feni inazunguka. Isipozunguka inajizima yenyewe, isije ikaungua. Nilikuwa najua, na asubuhi nzima sikufikiri, kwa sababu nilikuwa nalinda jalada. Nikaigeuza tumbo juu. Pale penye matundu ya kuingizia hewa, nailoni ilikuwa imepita moja kwa moja, na juu yake selotepu mara mbili.

"Mwalimu, huku chini kulikuwa na matundu."

"Yalikuwa yanaingiza vumbi. Niliyaziba, na ukingo nikausukumia ndani ushike vizuri."

"Si nilikuuliza umeifanya nini?"

"Uliniuliza nimeifanya nini," akasema, na naapa hakuwa anafanya ujanja. "Sijaifanya kitu. Nimeitunza."

Nikachukua wembe. Mwalimu akaweka kiganja chake juu ya laptopu.

"Vumbi la Kondoa unalijua, Hemedi."

"Nalijua, Mwalimu. Lakini hewa inapita palepale linapopita vumbi. Ukiziba moja umeziba yote mawili."

Hakuondoa mkono. Nikaangalia saa ya ukutani, ilikuwa saa nane na robo. Hatukuwa tunazungumzia laptopu tena, na sote watatu tulijua.

"Mtwara hatuna mtu," Mwalimu akasema. "Hata mmoja. Akiumwa nani atamwangalia? Kule kuna malaria."

"Hapa pia kuna malaria, Mama," Mwasiti akasema taratibu.

"Hapa mimi nipo."

"Ndiyo. Na mimi nataka siku moja niwe mtu wa kuwaangalia wengine. Sasa nitajifunzia wapi, Mama, kama sijawahi hata kuteka maji mwenyewe?"

Sikupenda kuwepo pale. Nilitamani mteja aingie na pasi mbovu. Mwalimu akanyoosha mkono kwangu.

"Lete huo wembe."

Alikata yeye mwenyewe. Alikata kwa mstari ulionyooka, kama alivyokuwa akikata karatasi za mtihani, akabandua selotepu moja moja mpaka laptopu ikabaki uchi juu ya meza. Nilifungua skrubu za chini. Ndani, utepe wa nailoni mwembamba kama uzi ulikuwa umejiviringa kwenye mabawa ya feni. Niliuvuta kwa kibanio, ukatoka mzima. Nikarudisha skrubu, nikamwachia Mwasiti kitufe.

Kitaa, mvumo, na mvumo ukaendelea. Mwasiti aliweka kiganja ubavuni mwa mashine, upepo ukampiga, akacheka. Mwalimu naye akaleta mkono wake, akauacha hapo muda kidogo.

Nilichomeka modemu yangu. Mtandao ulikuwa unajikokota, lakini hatukuwa tumekwama tena. Kabla ya kutuma, Mwalimu akavaa miwani, akasema anataka kuisoma barua ya maombi. Mwasiti akaniangalia. Nami nilidhani sasa anatafuta sababu nyingine. Akasoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea juu ya kioo, akafika mwisho.

"Hapa umeandika 'ntashukuru'," akasema. "Andika 'nitashukuru'. Usiwape watu wa Mtwara nafasi ya kusema mtoto wangu hajui kuandika."

Neno likasahihishwa. Barua ikaondoka saa tisa na dakika ishirini.

Alipata nafasi. Asubuhi ya safari nilikwenda kuwasaidia mizigo, nikamkuta Mwalimu ameketi mlangoni na mkasi, rula na nailoni mpya mapajani. Ameshakata jalada lingine la laptopu, limetimia, bado kubandika tu. Binti yake alikuwa ndani akifunga begi, nami nikaketi kando yake, maana alikuwa anaagana na mtoto wake wa pekee kwa njia anayoijua. Alilitazama lile jalada. Akalikunja mara moja, mara mbili, akalitia kwenye mfuko wa gauni, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta.

"Hemedi," akasema, "kitunzwacho mno hukosa pumzi."

Hakuisema kama methali. Aliisema kama mtu anayekiri kosa. Mimi ndiye niliyeibeba, nikaisema kwa wateja wangu wanaofunga redio kwenye mifuko, wao wakaisema kwa wake zao, ikasambaa, na sasa inarudi kwangu kupitia kwenu kana kwamba ni ya zamani.

Na huyo nesi wa kliniki, mliona beji yake? Hamkuona, ninyi mnatazama pipi tu. Huyo ndiye Mwasiti. Alikaa Mtwara miaka minne, akaumwa malaria mara mbili, akapona mara mbili, akarudi mwenyewe bila kuitwa. Mama yake sasa ni mzee wa kuwekewa mto mgongoni. Mkimtembelea mtakuta makochi yako wazi na dirisha liko wazi, vumbi linaingia litakavyo, na yeye amekaa palepale upepo unapopita.

Basi nendeni mkamwambie mama yenu asinune. Nesi hakumdharau. Alimpa neno la mama yake mwenyewe, na amelilipia kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwambieni amvue yule mtoto kofia. Kitunzwacho mno hukosa pumzi.