Yai la Mwisho Kwenye Moto wa Baraza

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmekatiwa umeme? Hebu tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Zamani za kale huko, kabla nguzo na nyaya hazijafika popote, palikuwa na nchi ambamo watu na wanyama walikaa pamoja, na moto haukuuzwa. Moto wako ukizimika, ulichukua kigae, ukapiga hodi kwa jirani: "Nigawie moto." Jirani alikupa kaa moja au mawili, akakuuliza habari za watoto, nawe ukarudi kupika. Basi.

Kisha ikaja Serikali. Serikali ikasema moto wa kuombana ni ushamba, hauna mpango. Ukawashwa moto mmoja mkubwa, ukaitwa Moto wa Taifa, na Kiboko akafanywa Waziri wa Moto. Ndiyo, Kiboko. Anayeshinda majini. Anayekula nyasi mbichi. Asiyewahi kuchemsha hata chai. Lakini alikuwa na CV nzito, na Tembo, mwenye tenda ya kuleta magogo, alikuwa shemeji yake.

Tangu siku hiyo kumgawia jirani kaa likawa kosa. Ukitaka moto, unapeleka mtama kwa karani, unajaziwa kigae. Lakini kabla hujakiinua, karani anakata.

"Kodi ya kuni," anachomoa kaa. "Kodi ya upepo," anachomoa kaa. "Kodi ya majivu," anachomoa kaa.

"Na hiki kilichobaki?"

"Hicho ndicho moto wako, mama. Next!"

Msimu wa kwanza bei ikapanda. Msimu wa pili ikapanda. Msimu wa tatu ikapanda, na watu wakaanza kutafuna mtama mbichi.

Sasa, alikuwapo mwanamke mmoja, Bi Mbodze, ambaye kazi yake ilikuwa kuangua mayai ya ndege walioshindwa kuyaatamia. Aliyafukia kwenye chungu cha majivu ya moto, akayageuza asubuhi, mchana na jioni, mpaka yalie pii. Siku moja akajiwa na Kanga, anahema, ungo umejaa mayai.

"Shoga, nimekwisha! Wakaguzi wa moto wamepekua kiota changu, eti nimeficha makaa. Wameyashika mayai yote!"

Na Kanga mnamjua. Kiota chake kikishikwa, hakikalii tena, hata umbembeleze na ngoma. Mama yake alikuwa hivyohivyo.

"Yamebakiza siku ngapi?" akauliza Bi Mbodze.

"Kidogo tu. Leo, kesho, hivyo."

Bi Mbodze akatia mkono chunguni. Majivu yalikuwa baridi.

"Moto sina, shoga, na mtama wa kununulia sina. Yakipoa, ndiyo basi."

"Usiseme hivyo!"

"Nasema ilivyo." Akatazama mlimani, ambako moshi mnene ulikuwa unapanda. "Kule si ndiko barazani?"

"Ndiko. Wanajadili bei ya moto."

"Basi beba ungo."

Maana waheshimiwa walijadili bei ya moto wakiwa wameuzunguka moto mkubwa kuliko wote nchini. Walidai akili haifanyi kazi kwenye baridi. Wananchi waliruhusiwa kukaa nyuma, wasikilize, wanyamaze. Bi Mbodze akaketi pale majivu yalipomwagikia nyuma, akayafukia mayai, akayafunika kwa leso yake.

Kiboko alikuwa amesimama. "Mheshimiwa Spika, bei haijapanda. Bei ime-adjust."

"Point of order!" Huyo ni Fisi, kiongozi wa upinzani. "Wananchi wanatafuna mtama mbichi! Waziri ajiuzulu!"

"Wewe ulipokaimu Uwaziri wa Moto msimu wa pili, bei ilishuka?" akauliza Kiboko.

"Mimi nilikuwa na nia!"

"Nia ilipikia nani?"

Wakacheka, wakapigiana meza. Mwisho Korongo, aliyekuwa Spika kwa sababu ya shingo, akasema, "Naona tumeelewana kwamba hatujaelewana. Nafunga baraza. Zimeni moto."

Bi Mbodze akainua mkono. "Mheshimiwa Spika, sijaelewa. Haya magogo ya Tembo, mbona mengine yanaoza pale nje?"

"Mkataba," akasema Kiboko. "Tukiyachoma, tunamlipa. Tusipoyachoma, tunamlipa."

"Serious?" akafoka Fisi, na baraza likalipuka. Wakaongeza kuni, wakajiongezea posho, wakajadili mpaka kesho yake mchana. Majivu yakabaki vuguvugu.

Korongo akasimama tena. "Nafunga baraza. Zimeni moto."

Bi Mbodze akainua mkono. "Mheshimiwa Spika, sijaelewa. Kodi ya upepo inachukuliwa na nani? Upepo unakuja kuipokea?"

"Upepo una wakala wake," akasema Kiboko, akitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Nani?"

Fisi akaanza kukohoa. Akakohoa, akakohoa, akakohoa, mpaka kila mtu akajua. Baraza likalipuka upya, safari hii upande wa Serikali ndio uliokuwa unadai watu wajiuzulu. Wakaongeza kuni. Wakajiongezea posho.

Na kule nyuma, chini ya leso, pii! Kifaranga wa kwanza. Pii! Wa pili. Pii! Pii! Kanga akawa anacheka na kulia bila sauti. Wote wakatoka, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa ametoboa tundu dogo tu, mdomo unaonekana, halafu akatulia.

Wakati huohuo Kiboko na Fisi walikuwa wamejitenga pembeni, wananong'ona. Walirudi wamekumbatiana. Bei itabaki juu. Itaundwa kamati ya kuchunguza bei. Mwenyekiti wa kamati, Fisi.

"Hongereni kwa ukomavu," akasema Korongo. "Nafunga baraza. Zimeni moto."

Kiboko mwenyewe akaenda mtoni, akarudi na mdomo umejaa maji, akasimama kando ya moto.

"Shoga," Kanga akanong'ona, "amechoka huyu wa mwisho. Akipigwa na baridi sasa hivi, ameenda."

Bi Mbodze akasimama. Safari hii hakuwa na swali tayari.

"Maswali yamefungwa, mama," akasema Korongo.

"Moja tu." Akautazama moto. "Huu mnaouota tangu jana. Nani anaulipia?"

Kiboko alikuwa na maji mdomoni, na huwezi kujibu na maji mdomoni. Akayameza.

"Huu... huu ni wa Serikali."

"Serikali inapimiwa na karani gani? Inakatwa kodi ya majivu?"

Watu wa nyuma wakanyanyuka. "Jibu!" wakasema. "Jibu! Jibu!"

"Fisi ndiye aliyekaa karibu nao zaidi!" akapayuka Kiboko.

"Wewe ndiye uliyechukua nafasi ya watu wanne!" akajibu Fisi.

"Mwenye kuondoka kwanza ndiye atakayelipa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na mpaka leo haijulikani ni nani.

Basi. Fisi aliyekuwa ameshanyanyuka akaketi. Kiboko akaketi. Korongo akarudisha mguu alioutanguliza mlangoni, akabaki amesimama kwa mguu mmoja. Hakuna aliyethubutu kuuzima moto, maana mwenye kuuzima angeonekana kuwa ndiye mwenye deni. Wakatupia gogo. Wakatupia jingine. Wakaanza kujadili upya, tangu mwanzo kabisa, bei ya moto.

Majivu yakapata joto. Yai likatikisika, likatulia, likatikisika. Ganda likapasuka katikati, akatoka kifaranga aliyelowa, ana hasira, anapiga kelele kuliko ndugu zake wote.

"Huyu atakuwa mbunge," akasema Bi Mbodze.

"Nitamnyonga mwenyewe kwanza," akasema Kanga.

Wakawakusanya watoto, wakatoka kupitia nyuma. Hakuna mheshimiwa aliyegeuka. Bei nayo, msiulize, ilipanda tena jioni hiyohiyo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Wao hawajaishia, wako palepale, wanaota moto, na Kiboko ndiyo kwanza ameomba nafasi ya kuchangia hoja.