Ulimi Hauchemshi Maji

Ulimi hauchemshi maji. Mmeusikia usemi huo asubuhi hii, jirani yetu alipomtupia fundi aliyeahidi kwa mara nyingine kwamba paa litakwisha kesho. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ulimi na maji ya moto vilikutana wapi. Basi acheni kuchambua hayo maharage kidogo, msogee. Mwanzo wake ulikuwa huu.

Katika kijiji cha Kwamvumo, juu kwenye mteremko wa milima ya Upare, alikuwako bibi afya mmoja aitwaye Nambua. Alikuwa binti mrefu, mwepesi wa miguu, asiyeweza kukaa kitini chai ikapoa. Mwaka mmoja homa ya matumbo ilipanda na mvua za masika, ikalaza wengi na wengine haikuwarudisha. Nambua akapewa kazi ya kuwafundisha watu kujikinga, naye akafundisha kwelikweli. Alisimama kanisani baada ya ibada, akakaa na akina mama uani mwa msikiti, akawafuata gulioni na kisimani. Maneno yake yalikuwa mepesi kushika: maji yachemke hadi yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa, yachotwe kwa chombo safi. Watoto waliyageuza wimbo wa kurukia kamba.

Mwaka uliofuata mkubwa wake wa wilayani, Bwana Mkwizu, alitaka kujua kama mbegu ile imeota. Akamtuma Nambua apite nyumba kwa nyumba na dodoso, awaulize watu mambo matatu: wanajua nini kuhusu maji salama, wanayaonaje, na wanafanya nini hasa majumbani mwao.

Nambua alianza kazi kwa furaha. Kabla jua halijageuka, furaha ile ilikuwa imeingia mchanga. Akina mama walimjibu kabla hajamaliza kuuliza, tena walimjibu kwa maneno yake mwenyewe.

"Unachemsha maji ya kunywa, mama?"

"Nachemsha, mwanangu. Hadi yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa."

Aliandika, akashukuru, akatoka. Lakini kila alipovuka kizingiti alisimama nje kama mtu aliyesahau kitu ndani. Aligeuka, akatazama mlango, kisha akaendelea na safari.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Nakazael, mjane aliyekaa mkabala na kiwanja cha shule pamoja na mjukuu wake Kunda. Huyu ndiye aliyempokea Nambua alipofika Kwamvumo akiwa hana chumba wala mwenyeji, akamlaza kwake mpaka alipopata pa kukaa. Bi Nakazael alimkaribisha jikoni, makande yakichemka. Naye alijibu kama wenzake, ila alipokuwa akijibu hakumtazama Nambua usoni. Alitazama chungu.

Majibu yalipojumlishwa, Bwana Mkwizu alipiga meza kwa kiganja. Karibu kila mtu anajua, karibu kila mtu anaafiki, karibu kila mtu anachemsha!

"Nambua, umetutoa kimasomaso," alisema. "Tutafanya mkutano hukohuko Kwamvumo, vijiji vingine vije kujifunza. Na wewe nitakupendekeza uhamie wilayani, ukawafundishe wenzako."

Nambua aliitikia, lakini moyo ulikataa kukaa. Siku ileile alipita zahanati akamuuliza tabibu habari za homa ya matumbo.

"Bado ipo," alisema tabibu. "Wengi wanatoka kwenu juu, Kwamvumo."

Akarudi kwa Bwana Mkwizu na habari hiyo. Bwana Mkwizu akamsikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Labda wanayanywa maji mabaya gulioni," alisema. "Wananchi wamejibu wenyewe, Nambua. Unatafuta nini tena?"

Hakujua anatafuta nini. Alibandika ugali akauacha ukaungua. Aliondoka nyumbani kwenda kuwauliza watu upya, akafika njia panda akarudi. Alijiambia: kama majibu si ya kweli, basi mwaka mzima sikufundisha kitu. Na nikisema si ya kweli, nimewaita waongo watu walionipa pa kulala. Aliligeuza jambo hilo upande huu akachomwa, akaligeuza upande ule akachomwa.

Wiki ya mkutano, akiwa njiani kushuka zahanati, alimkuta Bi Nakazael amembeba Kunda mgongoni. Mtoto alikuwa amelegea, midomo imepauka, joto lake likipita kwenye kanga. Nambua akampokea, wakashuka pamoja. Njia nzima Bi Nakazael alisema bila kupumzika, mara mahindi yameliwa na viwavi, mara mvua inachelewa, kama mtu anayeziba tundu lisivuje. Tabibu akampima mtoto akasema ni homa ya matumbo.

Walipokaa kwenye benchi Nambua akashindwa kujizuia. "Mama, yale maji ya nyumbani..."

"Mtoto anywe dawa kwanza, mwanangu," alisema Bi Nakazael upesi. "Mengine baadaye."

Nambua akaenda dirishani kuichukua dawa. Tangu hapo hakupata lepe la usingizi.

Siku ya mkutano kiwanja cha shule kilijaa. Wageni walitoka vijiji vya chini na vya ng'ambo ya bonde. Bi Nakazael alikuwapo pia. Kunda alikuwa bado amelazwa, akiuguzwa na shangazi yake. Bwana Mkwizu akasoma matokeo kwa sauti, watu wakapiga makofi. Nambua alikuwa ameketi nyuma yake, vidole vikikunja na kukunjua pindo la kitenge. Mezani palikuwa na chupa za maji za dukani. Bwana Mkwizu alichukua moja, akaitazama, kisha akairudisha na kucheka.

"Hapana!" alisema. "Leo sinywi maji ya dukani. Nitakunywa maji ya Kwamvumo, wageni wetu waone. Nyumba iliyo karibu, tuletee maji!"

Watu walipiga makofi, kisha makofi yakafa. Hakuna aliyeinuka. Akina mama wakatazamana, wengine wakashika mitandio yao vizuri. Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya Bi Nakazael, na macho yote yakamgeukia.

Aliinuka polepole, akaingia kwake, akatoka na kikombe juu ya kisahani. Alitembea kama aliyebeba kaa la moto. Alipomkabidhi Bwana Mkwizu, mkono wake haukutaka kukiachia kile kikombe, ikabidi Bwana Mkwizu akivute kidogo. Ndipo Bi Nakazael akainua macho, akamtazama Nambua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya jikoni.

Bwana Mkwizu akainua kikombe. "Kwa afya ya Kwamvumo!"

Nambua hakujua amesimama saa ngapi. Alichojua ni kwamba kikombe kilikuwa mkononi mwake na maji yalikuwa mchangani, na suruali ya bwana mkubwa imelowa.

"Una wazimu?" alifoka Bwana Mkwizu.

"Usinywe, bwana. Maji haya hayakuchemshwa."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea majibu! Kila nyumba imesema inachemsha!"

Aliyejibu ni Bi Nakazael.

"Ni kweli, bwana, tulisema. Tulisema wote. Lakini ulimi hauchemshi maji. Mjukuu wangu yuko zahanati kwa maji ya mtungi uleule. Nisingeweza kukuona unayanywa."

Nambua akamsogelea yule mama.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Hata mimi?"

"Ungekuja kama binti yangu ningekuambia. Ulikuja na kalamu, mwanangu, na nyuma yako tukamwona bwana mkubwa. Umetufundisha kwa jasho, tukuambie hatufanyi? Ingekuwa kama kukutemea mate. Tena uliniuliza kama nachemsha. Hukuuliza nachemshia nini."

Hapo kizuizi kikavunjika. Mama mmoja akasema, mwingine akadakia. Msitu wa juu ulikuwa umefungwa na serikali. Kuni zinafuatwa tambarare, unashuka umande haujakauka, unapanda jua likikuchoma kisogoni. Mzigo huo ukiivisha makande, umekwisha.

"Najua maji yanaua," alisema mama mmoja kijana mwenye mtoto kifuani. "Na kuchemsha nataka. Lakini nikichemsha maji, makande yatabaki mabichi. Njaa inamlilia mtoto leo. Homa, unaomba isije."

Mzee mmoja akainua fimbo. "Na mimi niliandikwa kwamba nayapenda yaliyochemshwa. Siyapendi. Yananuka moshi."

Watu wakacheka, hata Nambua, machozi yakimlengalenga. Bwana Mkwizu peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi, karatasi za matokeo mapajani. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo ya bonde akasimama akasema, "Msione haya peke yenu. Kwetu tuliulizwa hivyohivyo, tukajibu hivyohivyo."

Bwana Mkwizu aliondoka bila kuaga. Suala la Nambua kuhamia wilayani halikutajwa tena, na kwa kipindi kirefu hakumpa zaidi ya salamu. Lakini hakuwa mtu mbaya. Aliwaendea watu wa misitu, akabishana nao mpaka akina mama wakaruhusiwa kuokota matawi makavu yaliyoanguka. Dawa ya kutia majini ikaanza kugawiwa zahanati kwa wasio na kuni. Wanakijiji nao wakabeba mawe na mchanga, wakaijengea chemchemi ukuta na mfuniko.

Kunda alirudi nyumbani amekonda, nywele zimemnyonyoka, ila akiomba chakula. Mtoto wa yule mama kijana hakuwa na bahati hiyo. Aliugua mwezi uliofuata, kabla dawa haijafika, wakamzika. Nambua alikuwapo mazishini, akasimama mbali kidogo, akijiuliza ingekuwaje kama siku ile ya kwanza angegeuka mlangoni na kurudi ndani.

Baada ya hapo alipita tena nyumba zote. Safari hii aliketi jikoni, akasaidia kumenya ndizi, akaomba aonyeshwe maji na kuni. Alipokuta mtungi haujatiwa dawa hakugomba, aliuliza kinachokwamisha. Homa haikutoweka, lakini ilipungua mwaka hadi mwaka. Hata alipozeeka, akijibiwa upesi mno alikuwa harudi kwake mpaka ameona kwa macho.

Na Kwamvumo wakaushika usemi ule. Mchumba akiapa kwa maneno matamu, wanamwambia. Kiongozi akiahidi barabara, wanamwambia. Wanaambiana hata wao kwa wao, mtu akisema "nitafanya" na mikono yake imelala: kujua ni kuzuri, na kukubali ni kuzuri, lakini ulimi hauchemshi maji.