Rangirangi za Mkono wa Kushoto

Mhunzi akivunjikiwa na koleo, majirani huja kumpa pole na kumshauri azime moto akapumzike. Wanamtakia mema, hakuna ubaya. Lakini mhunzi wa kweli huwasikiliza kwa adabu huku jicho lake likiwa kwenye makaa, kwa sababu chuma bado kimo humo na hakimsubiri mtu. Wahenga walimtazama mhunzi wa namna hiyo, wakatuachia methali: koleo ni chombo tu, bali uhunzi umo kichwani na moyoni mwa mtu, na chombo kikivunjika si lazima na kazi ife. Katika hadithi hii hakuna chuma wala makaa. Kuna siagi, bisi za mchele, na mama mmoja mkaidi.

Mama huyo alikuwa mshonaji mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mama Rangi. Jina hilo halikutokana na vitambaa. Lilitokana na vitafunio alivyotengeneza kwa ajili ya sherehe, ambavyo watoto walivipachika jina la rangirangi: bisi za mchele zilizoshikanishwa kwa mashimelo, zile peremende laini kama pamba ambazo huyeyuka zikiona moto. Aliyeyusha siagi kwa moto mdogo, akatia mashimelo, akakoroga mpaka yakawa uji mzito wa kunata, akaepua, akadondoshea rangi, kisha akamimina bisi na kuchanganya taratibu. Alirudia hivyo kwa rangi saba, akizipanga tabaka juu ya tabaka ndani ya trei. Zikipoa akazikata, na kila kipande kilikuwa na mistari saba iliyonyooka utadhani imepigwa kwa rula. Keki ya arusi iliweza kusahaulika mezani, lakini rangirangi hazikuwahi kulala.

Siri yake kubwa aliitoa bure kwa kila aliyemuuliza.

"Usikandamize," alisema. "Iguse tu, kama unayemlaza mtoto. Ukikandamiza, utapata tofali."

Watu waliitikia kwa vichwa, wakarudi kwao, wakakandamiza.

Kwa miaka kumi na tisa mfululizo, Mama Rangi ndiye aliyepeleka rangirangi kwenye sherehe ya watoto wanaohitimu shule ya chekechea iliyokuwa nyuma ya nyumba yake. Vijana wenye ndevu walimsimamisha barabarani kumwambia kwamba katika mambo yote waliyofundishwa chekechea, walichokumbuka ni kipande kile. Naye alicheka, akaenda zake akiwa amejaa furaha hadi kooni.

Mwaka wa ishirini, miezi mitano kabla ya sherehe, kiharusi kilimpiga akiwa anaanika nguo. Mungu alimwachia ulimi, miguu na akili, lakini mkono wa kulia ulibaki ukining'inia ubavuni kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alijikaza kisabuni. Alijifunza upya kushika kijiko, kufunga vifungo na kuchana nywele kwa mkono wa kushoto, ule ambao, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa umeajiriwa kwa miaka sitini na miwili bila kufanya kazi.

Jumatatu moja, siku kumi na mbili kabla ya sherehe, Mwalimu Mkuu wa chekechea alipiga hodi. Alikuwa mwanamke mpole wa sauti ya chini, na alibeba mfuko wa matunda, jambo lililomfanya Mama Rangi aingiwe na wasiwasi mara moja.

"Tumekaa walimu wote tukakubaliana, Mama Rangi," alisema baada ya salamu. "Mwaka huu upumzike. Tutanunua biskuti dukani. Wewe njoo tu, tumekuwekea kiti mbele kabisa."

"Kiti," Mama Rangi alirudia.

"Tena kina mto!" Mwalimu Mkuu aliongeza kwa furaha.

Tangu augue, hakuna kilichomuuma Mama Rangi kama kiti hicho. Maradhi yalikuwa yamemnyang'anya mkono, na sasa huruma za watu zilikuja kubeba kilichosalia. Alijua vizuri kwamba mtu akishakalishwa kwenye kiti chenye mto, kila mwaka atakuta kinamngoja. Akapiga moyo konde.

"Mwalimu, nipe mpaka Jumatano ya wiki ijayo. Uje uonje trei yangu moja. Isipofaa, nunua biskuti zako. Nami nitakaa kwenye hicho kiti na kupiga makofi, nikipata wa kuniazima mkono."

Mwalimu Mkuu alikubali shingo upande.

Mama Rangi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyekuwa fundi wa kupiga lipu. Alikuwa mwanamke wa kifua kipana, mwenye uwezo wa kubeba mfuko wa saruji begani huku akiongea na simu. Jumamosi alifika na nguo zake za kazi, akanawa mikono mpaka viwikoni, akamwambia mama yake akae atoe maagizo. Mama alikaa. Alisema punguza moto, binti akapunguza. Alisema epua, binti akaepua. Mambo yalikwenda sawa mpaka walipofika kwenye trei.

"Gusa tu, mwanangu. Usikandamize."

"Sikandamizi, Mama. Nasawazisha."

Hapo ndipo ufundi wa saruji ulipoingia jikoni. Binti alishika ubao wa kukatia mboga, akausukuma juu ya ule mchanganyiko kutoka kona hadi kona, akarudia, akainama kutazama kama pana bonde, akarudia tena. Alipomaliza tabaka la saba alikwenda kwenye mfuko wake wa vifaa, akarudi na pimamaji, kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, akaiweka juu ya trei. Povu la hewa lilitulia katikati kabisa, naye akatabasamu kwa fahari.

Baba wa nyumba, aliyekuwa tarishi wa posta kabla ya kustaafu na ambaye sasa alitafuna kwa meno ya bandia, ndiye aliyepewa heshima ya kuonja. Aliuma. Akakitoa kipande mdomoni, akakigonga mezani mara mbili kama mtu anayepiga hodi.

"Hii," alisema, "tukipata nyingine mia tatu tunaongeza chumba."

Walicheka mpaka mbavu zikauma, hata binti mwenyewe. Lakini kicheko kilipokwisha alivuta kiti karibu na mama yake.

"Mama, kwa nini unajitesa? Watu wamekupa nafasi ya kupumzika. Umeifanya kazi hii miaka kumi na tisa, nani atakulaumu?"

"Mimi sijachoka," Mama Rangi alijibu. "Uliochoka ni mkono."

Binti aliuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameuliza tangu kiharusi kiingie nyumba ile.

"Sasa, mkono mmoja unashindwa nini hasa?"

"Sufuria inazunguka. Nikikoroga, nayo inanifuata. Mkono mmoja hauwezi kukoroga na kushika mpini kwa wakati mmoja."

Kesho yake binti alirudi na kipande cha mbao ngumu alichokichonga mfereji katikati. Alikifunga kwa skrubu pembeni mwa meza ya jiko. Mpini wa sufuria ulilala ndani ya mfereji ule ukakaa tuli, wala haukusogea hata ulipotikiswa. Mama Rangi alikoroga raundi tatu bila kitu ndani, kwa kujaribu tu, na macho yake yakajaa machozi. Binti alijifanya anaokota skrubu.

Jumatatu asubuhi Mama Rangi aliingia jikoni, akawaomba wote watoke. Sufuria ya kwanza iliungua, kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa mzito na moto haukumhurumia. Akaimwaga, akapunguza moto zaidi, akaanza upya. Ya pili ikatii. Alitandaza tabaka jekundu, kisha la rangi ya chungwa. Alipokuwa bado anahangaika na kona za lile la njano, la kijani lilikuwa limeshaganda sufuriani. Tabaka zilitaka mikono miwili yenye kasi, na yeye alikuwa na mmoja uliokuwa ukijifunza. Alijaribu kukimbizana nalo. Akakwangua mabonge ya kijani, akayatupia kwenye trei, akasukuma, trei ikateleza, na rangi zote zikamomonyoka upande mmoja, nyekundu juu ya njano, kijani katikati, bila mstari hata mmoja.

Mama Rangi alikaa kwenye kiti cha jikoni na kulia. Hakulia siku ya kiharusi wala siku ya hospitali, lakini siku hiyo alilia kwa sauti kama mtoto, kwa sababu aliona kweli maji yamezidi unga.

Mumewe aliingia taratibu. Hakuwa mtu wa maneno mazuri ya kufariji. Alisimama karibu naye, akaweka mkono mmoja begani pake, na kwa kuwa mkono wa pili haukuwa na kazi, akachovya kwenye ile trei iliyoharibika, akamega, akala. Akamega tena.

"Mama Watoto," alisema mdomo ukiwa umejaa, "unajua hii inafanana na nini? Lile shuka la viraka ulilotushonea mwaka tuliooana. La vitambaa vilivyobaki kwa wateja."

Mama Rangi aliacha kulia. Aliiangalia trei.

Maisha yake yote alikuwa ameshona viraka. Alijua kwamba kiraka hakina haja ya kumkimbilia mwenzake. Kinakaa mahali pake, kinamngoja jirani yake ashonwe, hata ikichukua wiki. Na bisi hizi zilikuwa na uzi wake mwenyewe, kwa sababu mashimelo ya moto hung'ang'ania hata yaliyopoa. Alijifuta uso kwa kanga, akasimama.

"Baba, toka jikoni."

"Bado nakula!"

"Toka na trei yako."

Jumanne nzima alifanya kazi kwa mwendo wa mkono wa kushoto. Aliyeyusha kidogo kidogo, rangi moja baada ya nyingine, akachota kwa kijiko na kuweka kiraka cha bluu hapa, cha waridi pale, cha njano pembeni ya zambarau. Hakukimbizana na mtu. Mwishowe alikipaka siagi kiganja cha kushoto, akakipitisha juu ya viraka, na kiganja kile kisicho na nguvu kikafanya kile tu kilichokiweza. Kikagusa.

Jumatano Mwalimu Mkuu alifika bila matunda, jambo ambalo Mama Rangi aliliona. Binti alikuwa ametoroka kazini na vumbi lake la saruji, akasimama mlangoni. Baba alikuwa amevaa shati la kutokea. Kipande kilikatwa, kikawekwa kwenye sahani, na Mwalimu Mkuu akauma. Alitafuna polepole, akiwa amekunja uso.

"Hizi si zile za zamani," alisema.

Binti aliangalia sakafu.

"Nazikumbuka vizuri zile za zamani," Mwalimu Mkuu aliendelea. "Hizi ni laini kuliko zile. Kwa mbali sana. Umefanya nini, Mama Rangi?"

Mama Rangi alichukua kipande, akauma, akafumba macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kumtikisa mpaka ule mkono wa kulia nao ukatikisika.

"Miaka kumi na tisa!" alisema. "Miaka kumi na tisa nawaambia watu wasikandamize, kumbe na mimi nilikuwa nakandamiza! Ile mistari yangu iliyonyooka ingenyooka vipi bila kukandamizwa? Huu mkono wa kushoto hauna nguvu za kunidanganya."

Mwalimu Mkuu hakusema neno juu ya biskuti. Aliomba kipande cha pili, kisha akauliza kama trei tano zitawezekana kufikia Jumamosi.

"Sita," alijibu Mama Rangi. "Moja ya walimu. Msijifanye huwa hamli."

Jumamosi uwanja wa chekechea ulijaa maputo, na watoto wenye kofia za karatasi walipanga mstari ambao haukudumu hata dakika mbili. Zamani walipokea vipande vilivyofanana, wakala, wakaondoka. Safari hii hapakuwa na viwili vilivyofanana. "Changu kina bluu mbili!" alipaza sauti mmoja. "Changu kina kona ya zambarau!" akajibu mwenzake, na wakasimama wakilinganisha, wakibadilishana, wakigombana na kupatana, huku wazazi wao wakinyoosha mikono juu ya vichwa vya watoto kujichukulia vipande, kana kwamba hakuna anayewaona. Fundi wa lipu alimweleza kila aliyemsogelea kuwa ile mbao yenye mfereji ni kazi yake, hata wale ambao hawakuuliza.

Kiti kilikuwepo mbele kabisa, na mto wake mwekundu. Mwalimu Mkuu alipogeuka kukitazama, alikuta trei ya sita imewekwa juu yake kwa kuwa meza ilikuwa imejaa, na Mama Rangi amesimama pembeni, kisu kikiwa kwenye mkono wa kushoto, akikata.

"Mama Rangi, mbona hukai?"

"Mwache mwenye kuchoka akae," alisema, akimpa mtoto kipande chenye kijani kingi. "Trei imetoka mbali."

Mwalimu Mkuu alicheka, akachukua sahani, akaanza kugawa naye. Watoto walikuwa bado wanakuja, na siagi ya kutosha ilikuwa imebaki nyumbani kwa mwaka wa ishirini na moja. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.