Ndege Iliyoketi kwa Mkia

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Hadithi ya kufundishia tunaiita mfano. Na kile kindege cha plastiki ambacho mtu hukiunganisha kipande kwa kipande mpaka kifanane na ndege yenyewe, nacho tunakiita mfano. Basi leo, ndugu zangu, nina mfano wa mfano. Tegeni sikio, si mrefu.

Katika mji mmoja wenye kambi ya ndege za kivita aliishi mchora mabango. Majina yote ya maduka ya barabara ya sokoni aliyaandika yeye kwa mkono, zamani, kabla mashine za kuchapa mabango hazijafika. Zilipofika, watu wakaacha kumwita. Herufi zake zikabaki ukutani zikipauka, naye akabaki na brashi zake ndani ya kopo la maziwa. Hakulalamika sana. Ila kila alipopita chini ya bango la mashine, alisoma makosa yake kwa sauti, na mkewe akamwambia, "Baba, punguza. Wenye duka wako ndani."

Siku moja mwanamke mmoja akaja kwake na boksi. Alikuwa dada wa rubani mmoja wa pale kambini, aliyefariki karibu mwaka mzima uliopita. Rubani huyo hakuanguka na ndege. Aliugua ini, akalala hospitali wiki sita, akaisha. Ndani ya boksi mlikuwa na vipande vya plastiki mia moja na zaidi, vimeshikana kwenye fremu zake kama dagaa kwenye wavu.

"Kaka alilinunua safarini," dada akasema. "Alitaka kuiunganisha akistaafu. Ni aina ile ile aliyokuwa akiirusha. Fundi, mwisho wa mwezi tuna ibada ya kumbukumbu. Mama anaitaka."

"Ataiona," fundi akasema.

"Mama haoni, fundi. Ni miaka minne sasa, presha ya macho. Anataka kuishika. Anasema mwanawe kaingia humo miaka kumi na mitano, na yeye hajui umbo lake."

"Basi ataishika."

Alisema hivyo, na alimaanisha. Lakini mwanamke alipoondoka, fundi hakuwa akimuwaza mama. Alikuwa akiwawaza maofisa wa kambi, watakaokuja na mavazi yao rasmi, wakainama juu ya meza wakauliza: kazi hii ni ya nani?

Boksi lilikuwa na karatasi ya maelekezo. Lugha ilikuwa ya kigeni, lakini michoro haihitaji lugha. Mchoro wa nne ulionyesha pua ya ndege ikiwa bado wazi, na ndani yake donge jeusi lenye namba ya gramu. Maana yake ilikuwa rahisi: kabla hujafunga pande mbili za mwili, weka uzito puani. Fundi alielewa. Akafungua droo kutafuta kipande cha risasi, yale madini mazito, hakukiona upesi, akajisemea atakitafuta kesho. Kesho yake akaanza chumba cha rubani: kiti, mikanda, saa ndogo ndogo kama mbegu za ufuta, kila moja na mshale wake mweupe. Ile ilikuwa kazi ya kuonekana. Risasi ndani ya pua ingeonwa na nani? Jioni akapaka gundi, akaunganisha pande mbili. Na gundi ya plastiki haibandiki tu. Inayeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Ukishafunga, umefunga.

Wiki tatu alipaka rangi. Alipaka kijivu cheusi juu na kijivu chepesi chini. Alipitisha wino mwembamba katika kila mstari wa bati, akaupangusa, mpaka ribiti, zile pini za kushikia bati, zikajitokeza. Kwenye bawa aliandika USIKANYAGE HAPA kwa brashi ya nywele tatu, herufi ambazo chungu angezisoma akipita. Kisha, ndege ikiwa safi kama yai, akaanza kuichafua. Akapaka masizi kwenye tundu la nyuma linalotoa moto, na doa la mafuta chini ya bawa, maana ndege inayofanya kazi haing'ai.

Mkewe akasimama mlangoni. "Mimi nikiacha masizi kwenye sufuria, maneno nyumba nzima. Wewe unayapaka kwa brashi."

"Haya ni masizi ya kitaalamu."

"Na ya kwangu ni ya nini?"

"Ya haraka," akasema, na wote wawili wakacheka.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya ibada, akafunga magurudumu, moja la mbele na mawili ya nyuma. Akaisimamisha ndege mezani. Ikakaa kitako. Mkia ukagonga meza, na pua ikaelekea dari, kama mtu aliyeambiwa jambo asiloliamini. Akaisukuma chini, ikatulia chini ya kidole chake. Akaondoa kidole, ikainuka. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mchoro wa nne ulikuwa umemjia wote, pamoja na namba ya gramu.

Dawa ilikuwa moja. Apasue ungio la pua, atie risasi, afunge, apige msasa, apake upya. Na hilo lingemla siku nyingi, naye alikuwa na jioni moja. Ilikuwepo njia nyingine, ya kwenda kwa yule dada na kumwambia: nimekosea, nipeni wiki mbili. Hiyo nayo aliifikiria. Halafu akachukua kipande cha ubao, akakipaka rangi ya lami na mstari mweupe katikati kama njia ya kurukia ndege, akaligundisha gurudumu la mbele juu yake. Ndege ikasimama. Ilisimama vizuri sana.

"Mbona umeigundisha?" mkewe akauliza.

"Isianguke njiani."

"Na mama wa watu ataishikaje?"

"Ataipapasa tu. Mtu haoni, ataibebea nini?"

Mkewe akamtazama. "Haya. Wewe ndiye fundi."

Baada ya ibada, watu walikusanyika nyumbani kwa marehemu, na ndege ikafunuliwa mezani kando ya picha. Maofisa wakainama kama alivyotazamia. Mmoja, aliyekuwa akiihudumia ndege hiyo kabla haijaruka, akatoa miwani. "Hata doa la mafuta. Ni hapo hapo lilipokuwa, nimelifuta miaka sita." Wakauliza kazi ni ya nani. Wakaandika jina lake kwenye simu. Mmoja akataja ukumbi wa kambi, kwamba kuna ndege nyingine za kufanyiwa hivyo.

Ndipo mama akaletwa, ameshikwa mkono, akaketishwa mbele ya meza.

"Iko wapi?"

"Hapa, mama. Mbele yako."

Vidole vyake vikaanzia mkiani, vikapanda mgongoni taratibu, vikafika kwenye kioo. "Hapa ndipo alipokaa?"

"Hapo hapo, mama," akasema yule ofisa mwenye miwani.

"Padogo hivi. Naye alikuwa mrefu." Vidole vikakaa pale kwa muda. Kisha akasema, "Nipeni niipakate."

Fundi akasogea. "Mama, ungeigusa hapo hapo. Rangi bado mbichi kidogo."

Rangi ilikuwa imekauka tangu Jumanne.

"Mwanangu, rangi mimi ya nini?" mama akasema, na watu wakacheka kwa upole. "Mwenyewe nilimpakata. Na hii nitaipakata."

Akaingiza mikono chini ya mabawa, akaiinua polepole, kama unavyomwinua mtoto bila kumwamsha. Gundi haikuachia. Gundi ya yule fundi ilikuwa nzuri. Kilichoachia ni mguu wa mbele: tak.

"Mama," binti yake akasema, "umeivunja."

Mikono ikasimama hewani. "Nimeivunja?"

"Mguu wa mbele."

Akairudisha mezani akipapasa, nayo ikaketi kwa mkia mbele ya watu wote, pua juu. Kila mtu aliona, na kila mtu akadhani ni kwa sababu ya ule mguu.

"Fundi yuko wapi?"

"Nipo, mama."

"Nisamehe, mwanangu. Kazi ya mwezi mzima. Mikono hii siku hizi ni ya kuharibu tu. Juzi nimevunja birika la watu."

Wapendwa, hapo fundi alikuwa na sentensi mdomoni. Ilikuwa fupi: si wewe, mama, ni mimi. Aliihisi kwenye ulimi. Akawaona maofisa, na zile simu zenye jina lake. Akaona jinsi ambavyo hakuna mtu aliyekuwa akimtazama kwa shaka hata kidogo.

"Haidhuru, mama," akasema. "Nimekusamehe."

Watu wakapumua. Ofisa akamgusa bega. Mama mmoja pale nyuma akasema, "Fundi huyu ana moyo."

Akaibeba ndege, akarudi nayo nyumbani, na nitamtendea haki: aliifanya kazi. Alipasua pua. Alitia risasi, gramu zile zile za kwenye karatasi. Alifunga, akapiga msasa, akapaka upya. Wiki mbili. Ndege ikasimama kwa magurudumu yake matatu, bila ubao, bila gundi, ukiipuliza haitikisiki. Akaipeleka mwenyewe, na safari hii alikuwa akimuwaza mama.

"Shikamoo, mama. Nimeileta. Sasa ishike, ipakate utakavyo."

"Marahaba, mwanangu." Mama akaikunja mikono yake ndani ya kanga. "Iwekeni juu ya kabati, nisije nikaigonga."

"Haivunjiki sasa, mama. Jaribu."

"Hapana. Wewe ulinisamehe mbele za watu, nikashukuru. Lakini huruma ya mtu haitumiwi mara mbili. Mimi na vitu vya watu, basi."

Ndege ikawekwa juu ya kabati. Ipo mpaka leo. Wanaoona huisifu.

Najua mlichokuwa mkingojea niseme. Mlingojea niseme: tusipambe nje tukasahau uzito wa ndani. Somo hilo ni zuri, na kuna siku mtu atalihubiri. Lakini kusahau risasi halikuwa kosa kubwa la yule fundi. Kila fundi husahau. Kosa lake kubwa ni kwamba aliombwa radhi kwa kosa lake mwenyewe, akaipokea. Alisamehe alipopaswa kutubu, na watu wakamsifu kwa hilo.

Kisha akarekebisha kila kitu isipokuwa kile alichokivunja. Aliirekebisha ndege. Mikono ya mama aliiacha vile vile, ikijua kwamba inaharibu.

Na sisi je? Mume anakuja amechelewa, amelewa hasira za huko alikotoka, na mke ndiye anayesema "nisamehe, nimeuliza vibaya." Naye anajibu nini? Haidhuru. Binti anatolewa shule kwa uamuzi wa wakubwa, halafu anaomba radhi kwamba ameiaibisha familia. Tunamwambia nini? Haidhuru, mwanangu, Mungu atafungua njia. Tunasema kwa sauti ya upole, na tunalala vizuri. Je, mmewahi kujiuliza ni watu wangapi wamekunja mikono yao kwa sababu ya upole wetu? Hawagusi tena. Hawaombi tena. Wanasema, kiwekeni juu ya kabati, nasi tunadhani ni wanyenyekevu.

Wako watakaosema: nimeshabadilika, siku hizi sifanyi hivyo. Vizuri. Fundi naye alibadilika. Alitia risasi yote. Lakini yule mama hakuwahi kuambiwa. Mtu uliyemwachia kosa lako hawezi kulitua kwa sababu wewe umetengenea kimyakimya. Analibeba. Atalibeba mpaka uende ukamwambie, na huenda ikakugharimu jina lako kwenye simu za watu.

Kwa hiyo leo siwaulizi mna deni la kumsamehe nani. Hilo tumeulizana sana humu ndani, na tunalipenda, maana anayesamehe hukaa juu. Ninauliza: ni nani tuliyemsamehe, naye hakutukosea? Mtafute kwa jina. Kwa wengine yuko nyumbani anapika. Kwa wengine yuko benchi hili hili, na ukigeuza shingo utamwona.

Tusimame. Mwimbishaji, ngoja kidogo, usianze. Kuna mtu pale katikati ameanza kutoka kwenye kiti chake, mpisheni apite.