Mafuta ya Mbarouk

Ubaridi wa nanaa hauzimi moto. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo fundi aliyepaka rangi juu ya ufa wa ukuta, na sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi sikilizeni, methali hii ilianza hivi.

Chini ya milima ya Usambara palikuwa na mtu aitwaye Shehoza. Mkewe wa kwanza alifariki akamwachia binti mdogo, Zaina. Baadaye Shehoza alimwoa Mwantumu, mwanamke wa maneno machache, na kijiji hakikumwamini hata kidogo. Akimpakulia mtoto chakula kingi, walisema anajionyesha. Akimpakulia kidogo, walisema anamnyima.

Masika moja alifika mchuuzi kutoka Tanga, jina lake Mbarouk. Alikuwa na chupa yenye vipande vyeupe, vyembamba kama sindano, akasema ni kiini cha nanaa kilichoganda. Aliviyeyusha katika mafuta ya nazi. Ukiyanusa, pua iliyoziba hufunguka. Ukiyapaka, ngozi huingia baridi kama umetoka kuoga mtoni. Wenye mafua walipata nafuu, wenye kuumwa migongo wakamshukuru. Sifa zikamlevya, akaanza kusema kwamba mafuta yake yanatoa hata homa.

Haukupita muda Zaina akashikwa na homa. Shehoza alimwita Mbarouk, naye akampaka mtoto usoni, kifuani na mikononi. Punde Zaina akasema, "Baba, nasikia baridi. Nimepona."

Majirani waliojaa chumbani wakashangilia. Mwantumu hakushangilia. Alipiga magoti, akapitisha mkono chini ya blanketi, akashika nyayo za mtoto, mahali ambapo mafuta hayakufika. Zilikuwa zinaunguza.

"Baba Zaina," akasema, "mtoto bado anachemka. Tumpeleke zahanati."

Wifi yake, Namsifu, akadakia, "Mtoto mwenyewe anasema amepona! Wewe unamtakia nini? Hukumzaa, ndiyo maana uzima wake unakuudhi."

Shehoza alimtazama mkewe kwa jicho la shaka. Jicho lile lilimchoma Mwantumu kuliko maneno ya wifi. Alikwenda jikoni, akarudi na sufuria ya uji uliokuwa ukitokota, ameishika kwa matambara. Akaitua mbele ya Mbarouk.

"Kaka, mafuta yako yanatoa moto mwilini?"

"Yanatoa, dada."

"Basi jipake viganja, uishike sufuria hii. Ukiweza kuinyanyua, nitafungasha vyangu nirudi kwetu leo hii."

Mbarouk alijipaka, akasugua viganja mpaka harufu ikajaa chumbani. Akanyoosha mikono. Mvuke ulipomgusa vidole, akairudisha.

"Nitaungua," akasema.

"Kwani viganja havina baridi?"

"Vina baridi." Akainamisha kichwa. "Lakini baridi hii iko kwenye ngozi tu, dada. Moto unabaki palepale ulipo."

Shehoza hakungoja zaidi. Alimbeba Zaina mgongoni, akakimbia naye kwenye mvua, Mwantumu nyuma yake akiwafunika kwa blanketi. Mganga wa zahanati alipompima mtoto alikunja uso, akasema malaria ilikuwa inaelekea kumpanda kichwani. Wangechelewa kidogo, wangempoteza. Zaina alilazwa, na Mwantumu hakuondoka kitandani pake mpaka mtoto alipoomba uji mwenyewe.

Namsifu aliwaletea chakula. Alikaa kando ya wifi yake, akamshika mkono. Shehoza naye alimwomba mkewe radhi mbele ya majirani walewale.

Na Mbarouk? Aliendelea kuuza mafuta yake, maana kwa mafua na viungo yalifaa kweli. Lakini siku moja baba mmoja alikuja mbio, akasema, "Nipe chupa, mwanangu ana homa." Mbarouk aliirudisha chupa kikapuni, akamwonyesha njia ya zahanati.

"Mbona unaninyima?" yule baba akafoka. "Si yanaleta baridi?"

"Yanaleta, ndugu yangu," Mbarouk akajibu. "Lakini ubaridi wa nanaa hauzimi moto."